Kimulimuli

Theluji ya mwisho bado imejilaza nyuma ya gereji,
nyeusi kwa masizi, haitaki kufa,
na baba amekwisha kusema: Mei ni Mei.
Yeye ana miaka sabini na minne.
Pikipiki yake ina arobaini na miwili,
na katika hao wawili
mmoja tu hukubali kufunguliwa.

Nang'oa kiti. Chini yake kuna kiota cha panya,
maganda ya mbegu za msonobari,
risiti ya petroli ya mwaka niliomaliza shule,
na fungu la nyaya, tepu yake imegeuka lami.

Kijisanduku nilichonunua hakizidi kiberiti.
Waya nyekundu ya kuingiza, nyeusi ya kwenda kwenye chasisi,
na ya tatu inayotoka kuitafuta taa.
Ukibana breki, taa inakonyeza mara tano,
upesi upesi, halafu inatulia
na kukodoa jicho lake lote.
Ndiyo kazi yake, hana nyingine.

"Taa ni taa," baba anasema mlangoni,
kikombe cha kahawa mkononi.
"Anayetaka kuona ataona."

Sijibu. Namenya waya.
Vuli iliyopita, aliporudi kutoka barabara ya Nipigon,
ile inayopita malori ya magogo,
niliona mkwaruzo mweupe kwenye kona ya kibao cha namba,
na kibao kimepinda kama sikio la mbwa.
Akasema aligonga lango.
Lango letu ni la kijani.

Solda inayeyuka, moshi unaniingia puani.
Navuta mpira juu ya kiungo, naupasha moto,
unasinyaa, unakumbatia shaba.
Kazi safi. Najisifu kimoyomoyo.
Nageuza ufunguo.

Na taa, hakuna aliyegusa breki,
ikaanza kukonyeza yenyewe,
moja mbili tatu nne tano,
kama mtu anayeomba radhi
kwa kosa ambalo bado hajalitenda.

Baba akacheka. Kahawa ikamwagika kwenye buti.
Tangu tumzike mama sikuwa nimekisikia
kicheko kile, cha kukwaruza,
kama kiki ya kwanza asubuhi ya baridi.
"Umekata ya kahawia, Tuulikki.
Hiyo ni ya taa ya usiku.
Ya breki ni kijani, ina mstari wa njano."

Kumbe muda wote alikuwa anazihesabu nyaya.

Akaweka kikombe chini, akachukua tochi,
akapiga goti moja, kisha, polepole, la pili.
Nikaunga ya kahawia nilivyoikuta.
Nikatafuta ya kijani.
Lakini mwanga ulikuwa unacheza,
ukiruka kutoka waya hadi waya,
kijani, nyeusi, kijani, ukuta, kijani,
na sikutazama mkono ulioushika.
Nilitazama koleo langu.
Naye alijua ninatazama koleo.
"Betri za tochi," akasema. "Zimechoka."
"Ndiyo," nikasema. "Zimechoka."

Sasa amekaa juu yake, bila kofia, bila glavu.
Nimesimama nyuma, hatua kumi na mbili,
pale ambapo lori lingekuwa.
"Bana."

Tano. Nyekundu, nyekundu,
theluji chafu inashtuka na kutulia,
shavu la ndoo ya mafuta linashtuka na kutulia,
mikono yangu pia.
Kisha mwanga mmoja mzima, usiopepesa.

"Inawaka?" anauliza, uso mbele, barabarani.
Hawezi kuiona. Miaka arobaini na miwili
ameibeba taa hiyo mgongoni mwake
na hajapata kuiona ikiwaka akiwa safarini.

"Bana tena," nasema.
Anabana.
"Tena."
"Tuulikki, inawaka au haiwaki?"
"Tena, baba."

Anabana. "Utaimaliza betri," ananung'unika,
na haachii breki.