Safu ya Saba

Ghorofa tano, kaya sitini, kuta za zege
nyembamba kama ahadi ya mdeni.
Utena, mwezi wa tatu. Theluji imegeuka tope,
na joto tunalolilipia linatoroka kwenye nyufa
kwenda kupasha anga isiyotuomba.

Nimekuja na jedwali.
Mistari minne: povu, sufu ya mawe, nyuzi za mti,
mabua ya ngano yaliyoshindiliwa.
Safu sita: bei; joto litakalobaki ndani;
kaboni iliyokwisha kufuka kiwandani
kabla ya msumari wa kwanza;
tabia mbele ya moto; umri; siku za kelele.

Chini ya ngazi, penye harufu ya kabichi na makoti mabichi,
nikawaambia: chukueni kilicho bora katika kila safu,
mjenge nacho jengo moja la fikirani,
rahisi kama povu, lisiloungua kama jiwe, safi kama bua.
Halipo.
Chukueni kilicho kibaya katika kila safu, mjenge la pili.
Nalo halipo, nikasema, na mtu nyuma akadakia:
"Tumo ndani yake!"
Wakacheka. Nami nikacheka.
Kazi yangu ni kupima umbali:
nani yuko karibu na lile, nani yuko mbali na hili.

Kisha uzito. Hapo ndipo kila mwamba ngoma
akavutia kwake.
Zenonas, mwenye nyumba mbili humu
ambazo hajawahi kulala hata moja: bei, tisa.
Vytenis, anayeendesha lori usiku: kelele, tisa.
Jolita wa ghorofa ya tano alisema
moto unaishinda bei mara tatu,
bei inaishinda kelele mara mbili,
na kelele, akafikiri kidogo, inaushinda moto.
Mashine ikakataa. Nikamwambia
majibu yako yanazunguka kama mbwa na mkia.
Akasema, "Nina mtoto. Amelala sasa hivi tu."

Sikumsahihisha.

Genovaitė alinyoosha mkono mwisho.
"Na teleka wangu wako safu ipi?"
Matundu kumi na mawili chini ya paa.
Wanakuja mwezi wa tano, wanaondoka wa nane,
wanalala hewani huko katikati,
na kila mmoja hurudi tundu lake
kama mtu aliyeacha ufunguo chini ya zulia.

Usiku ule niliongeza safu ya saba.
Uzito sifuri: povu likaongoza.
Mbili kwa mia: povu.
Tatu: povu, kwa unywele.
Nne, na sufu ya mawe ikapanda juu,
kwa kuwa yenyewe hukaa ndani ya fremu
na fremu ina nafasi ya kisanduku cha kiota.
Nikarudisha tatu. Nikaweka nne.
Chai ikapoa. Kidole changu,
nilikitazama kidole changu,
kilikuwa mzigo mzito kuliko safu zote.

Niliyapeleka majedwali yote mawili,
uzito umeandikwa kwa herufi kubwa kuliko majibu,
na kando ya kila tarakimu, jina la aliyeitaka.
Kura thelathini na moja kwa ishirini na tisa.
Kazi ianze mwisho wa mwezi wa nane;
Vytenis ataazima masikio ya pamba,
na baridi, huenda ikatukuta na ukuta mmoja wazi.

Zenonas alinifuata hadi kwenye gari.
"Ungewapa ndege sifuri, ningeshinda."
"Ndiyo," nikasema. "Sifuri nayo ni uzito.
Ningeiandika, na jina lako kando."
Akakuna kidevu. Hakuniaga.

Juu, Genovaitė alikuwa dirishani,
anahesabu matundu matupu kwa ncha ya kidole:
kumi, kumi na moja, kumi na mawili.
Akasita, akaegemea nje zaidi.
Kumi na matatu.