Ncha za Mikate

Tulikuwa watano na kompyuta tatu,
juu ya duka la vioo, mjini Kutaisi,
na hita ya gesi iliyopasha goti moja tu,
la yule aliyewahi kufika.
Khatuna, mwalimu, siku ya kwanza hakufundisha.
Aliandika ubaoni: Mzevinari, mwoka mikate, hana tovuti.
Akaweka chaki chini, akaenda kuchemsha maji.

Basi tukaanza kwa kukosea.

Otia, fundi wa malori miaka thelathini,
kila pengo la ukurasa aliliita mwanya wa valvu,
akalipima kwa jicho moja, la pili kalifumba.
Tsiala alitaka kitufe chekundu.
Badri alitaka cha kijani.
Walibishana hadi chai ikapoa,
na kitufe chenyewe, muda wote huo,
ukikibonyeza hakikupeleki popote.

Mimi, mtunza hesabu wa duka la viatu,
nilikabidhiwa maandishi.
Herufi zetu, zisizojua kubwa wala ndogo,
zilitokea kiooni kama visanduku vitupu,
safu juu ya safu,
ghala la mtu aliyefilisika.
Nilihangaika nazo siku mbili,
na katika kuhangaika huko, Jumatano,
nikahifadhi faili langu juu ya faili la Badri.
Jioni yake nzima ikafutika.
Hakufoka. Alivaa koti, akashuka ngazi,
nami nikazisikia ngazi zote, moja moja.

Alhamisi alirudi na daftari lenye mistari:
nani kashika nini, kuanzia saa ngapi,
ameacha wapi.
Akalitupa mezani bila salamu.
Halafu akainama begani kwangu,
akaona nukta-mkato niliyoisahau mstari wa tisa,
akaiweka kwa kidole kimoja,
akaendelea kutafuna mbegu zake za alizeti.
Visanduku vikafumbua macho.
Vikawa herufi.
Nilisoma neno "mkate" kwa sauti
kama mtoto wa darasa la kwanza,
na hakuna aliyenicheka.

Siku ya kuonyesha kazi
Mzevinari alipanda na unga viwikoni,
akavaa miwani ya marehemu mumewe.
Tukamfungulia ukurasa: picha kumi na mbili,
za mraba, sawasawa, nilizipima mwenyewe.
Akatazama. Akasogea. Akatazama tena.
"Nani amekula ncha za mikate yangu?"

Mkate wake ni mrefu, umechongoka huku na huku.
Ncha ndiyo anayoimega mtoto aliyetumwa,
njiani, ikiwa bado inachoma vidole,
na mama huupokea mkate uliokatika
akijifanya hajaona.
Sisi, kwa unadhifu wetu,
tuliikata mikate yote kumi na miwili
kichwa na mkia.

Aliyecheka kwanza ni Otia.
"Mwanya umekaza mno," alisema, "injini itakufa."
Basi tukabomoa.
Tukabomoa kitu tulichokwisha kukipigia makofi,
na kubomoa kwa watano, nakwambia,
kunauma kidogo kuliko kwa mmoja.
Tsiala akaulaza mkate mshazari,
ukavuka ukingo wa kisanduku,
ukatokeza nje ya mstari kama mguu
wa mtu aliyelala kitanda kifupi.
Badri akakipa kitufe rangi ya ganda lililoiva;
si nyekundu, si kijani, na wote wawili
wanadai wameshinda.
Khatuna, mlangoni, kikombe mkononi,
alisema neno moja: "Sasa."

Mzevinari alikuwa ametuletea mikate mitatu.
Tuliila juu ya kazi.
Mpaka leo, kwenye kibodi ya pili,
kitufe cha nukta-mkato kinakwama:
chembe ya mkate imeingia chini ya mkato.
Badri anasema ataitoa kwa pini.
Kila siku anasema kesho.