Nakala Tatu, Wasomaji Saba

Juni imefika, na jua la Vadsø limekataa kutua.
Saa sita ya usiku mnapiga mpira bila taa,
na mimi, mwalimu wenu, nawapa kazi isiyo na maksi:
nakala tatu za riwaya moja, wasomaji saba.
Gawaneni.

Sunniva, unauza aiskrimu gatini hadi jioni;
soma pale wateja wanapokauka.
Ukidondosha shira ukurasa wa arobaini, usifute,
atakayekufuata ajue ulifika.

Ánte, najua: utakuwa mlimani na kulungu wa babako.
Kitabu hakili majani. Kitie mfukoni.

Jostein kesha niambia hapendi kusoma.
Vema. Njoo uyaseme hayo mbele ya wenzako,
useme na sababu.
Asiyependa naye ana lake,
na mara nyingi ndiye anayetuamsha.

Alhamisi, kwenye ngazi za duka la dobi la Torbjørg.
Maktaba imefungwa. Mashine zitanguruma; tutapaza sauti.
Bishaneni: yule mama wa sura ya mwisho
aliondoka, au alifukuzwa?
Nimeisoma mara tisa, sijui.
Sisemi hivyo kwa unyenyekevu.
Sijui.

Kusoma peke yako ni kula peke yako:
kushiba utashiba,
ila wa kumwomba chumvi humpati.

Mwezi wa nane giza litarudi, kidogo kidogo,
kwanza chini ya madawati.
Sitatunga mtihani. Nitamwuliza kila mmoja jambo moja tu:
nani kakubadili mawazo?