Bawabu wa Siku Thelathini

Mwanagenzi wa duka la barabara ya Digo ndiye aliyempachika.
"Kinga hiyo, mama. Bure, siku thelathini."
Nikashukuru. Nani akataaye bawabu wa bure?

Leo ni siku ya thelathini na moja.
Kontena la Bwana Mbarak limelala Kilindini,
kila saa linakula pesa kama mgonjwa wa wodi ya kulipia,
na fomu yake ya forodha imegota kwenye kompyuta yangu, hapa Tudor.

Nimezima ruta, nimeiwasha.
Nimebadili waya. Nimepigia kampuni,
wakaniwekea muziki dakika arubaini.
Na Zamzam, chumba cha pili, anacheka na shangazi zake wa Maskati
kwa mtandao huu huu uliokufa kwangu.

Kumbe mtandao u mzima.
Mfu ni mlango.

Nikamkuta pembeni mwa skrini, kitone cha kijani, kimya,
mkataba umemwishia na hakuondoka:
kajikalia kizingitini, mguu huku, mguu huku,
mwizi hapiti,
na mwenye nyumba hapiti.

Saa sita kasoro dakika kumi nikamfuta.
Akaniuliza, Una hakika?
Akaniuliza tena.
Mkono ukasita, kama namtoa mtu usiku, na mvua.

Fomu ikaenda.
Nikabaki mbele ya mlango wazi, feni ikizunguka,
Zamzam akipaza sauti kule ndani:
"Mama, mbona unavuta? Kuna nani mwingine kwenye mtandao?"