Silinda ya Tatu

Kiwanja chetu cha Ibri ni changarawe na uzi mmoja wa lami.
Alfajiri chuma bado kinashikika;
ikifika saa tatu, spana iliyosahauliwa juani
inakupiga kiganjani muhuri wa forodha.

Bwana Ghusn alishuka, miwani imejaa vumbi.
"Inatetemeka," akasema. Basi.
Wenye ndege hawajui kueleza ugonjwa,
wanajua kueleza hofu.
Nikamuuliza: ikiwa juu, au ikiwa chini?
Akafikiri.
"Nikiipa moto wote inatulia, mtoto aliyeshiba ziwa.
Nikiipunguza tu,
usukani unanipiga viganja."

Nikayaandika kwenye kadi, kwa Kiswahili,
maana hesabu na maradhi siwezi kuyawaza kwa lugha nyingine.
Sajeev hunicheka. Yeye huhesabu kwa Kimalayalam.

Tukaiwasha. Tukazima magneto ya kushoto: mizunguko ikashuka kidogo.
Tukazima ya kulia: ikashuka vilevile, mapacha walioelewana.
Si cheche, basi.
Sajeev hakuridhika, kijana haridhiki na "si".
Akafungua plagi zote nane, akazilaza juu ya gazeti:
sita rangi ya buni iliyokaangwa,
mbili nyeupe kama kucha.
Zile mbili tukazihamishia silinda ya kwanza.
Ugonjwa haukufuatana nazo.
Ulibaki kwao.

Nikasuuza kikombe cha kahawa, nikakijaza maji.
Injini imezimwa sasa hivi, ingali inatoa fukuto.
Tone juu ya bomba la kwanza: chwaa.
La pili: chwaa.
La tatu,
tone likakaa.
Kisha likateremka polepole,
jasho la mgeni anayeona haya kujifuta.

Hapo nikajua. Sikujua nini, nilijua wapi,
na kujua wapi ni nusu ya mshahara.

Tukajaza hewa kwenye njia yake ya kuvutia pumzi,
tukapaka povu la sabuni ya vyombo.
Nyuma ya kibano cha mpira, pasipofika jicho, kidole tu,
povu likaota kiputo, kikapasuka, kikaota kingine.
Ufa. Haukuzidi punje ya mchele.
Injini ikipiga kelele, ufa haudhuru:
hewa inaingia kwa mafuriko, tundu moja zaidi si kitu.
Ikinyamaza, ikivuta pumzi ndogondogo,
ndipo ule ufa unapoiba.

Nikakaa juu ya ndoo.

Baba yangu, mzaliwa wa Wete, alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa.
Barazani hakuna aliyemshinda, si kwa mpira, si kwa bei ya tende.
Wageni wakishaondoka, taa ikishapunguzwa,
kijiko kiligongagonga kisahani mkononi mwake.
Tulidhani uzee.
Tulimpeleka Maskati, wakampima moyo, wakampima sukari,
akawapigia daktari na wauguzi hadithi hadi wakalia kwa kicheko,
wakaandika: mzima.
Hakuna aliyeuliza,
hata mimi niliyekuwa na kazi hii hii,
ikiwa juu, au ikiwa chini?

Mpira mpya ulikuwamo kabatini, riali nne na baisa mia mbili.
Sajeev akakaza kibano, robo mzunguko, akanitazama, robo tena.
Washa.
Tukaipunguza, tukaipunguza,
mpaka rafadha ikawa karibu kuhesabika jani kwa jani.
Kikombe kilikuwa juu ya bawa.
Maji yake yalitikisika kwa upole, sawasawa, duara ndani ya duara,
hayakumwagika.

Bwana Ghusn akauliza ilikuwa nini.
"Ufa."
"Mkubwa?"
Nikamwonyesha ncha ya ukucha wangu, wenye grisi.
Akautazama ukucha,
akaitazama bili.