Yeye Nani?

Shangazi Mbeleje aliokota Kifaransa stesheni ya Saranda,
kwa Wakongo waliokwama siku tisa, reli imesombwa na maji.
Mengine aliyafuata mwenyewe.
Tamthilia nne, riwaya mbili. Zimechezwa Kinshasa, Lome;
Bahi hakuna aliyezisoma.
Hundi yake ya faranga ilikaa benki Dodoma miezi mitano,
karani akiigeuzageuza kama noti ya bandia.

Uzeeni akaanza kujitafsiri.
Mimi nachapa, yeye anatembea, mlenda unapoa.
Sentensi ya kwanza kabisa: *il pleut*.
"Yeye ananyesha," akasema. "Ndivyo wasemavyo."
Bibi, aliyekuwa akipeta uwele, akainua uso.
"Yeye nani?"
"Hana jina, mama. Ni sarufi tu."
"Analo. Mwaka ule wa njaa tulimwita kila usiku."

Shangazi akakaa.
Alikaa mpaka taa ikaisha mafuta.

Asubuhi nikakuta karatasi ingali kwenye mashine,
vumbi la Oktoba limeshatua juu yake.
*Mvua inanyesha*, imefutwa.
*Kunanyesha*, imefutwa mara mbili.
Chini yake, kwa penseli:
*Ananyesha. Mama anasema anamfahamu.*