Sikujua

Niliinunua kwa dola kumi na tano,
maikrowevu ya bwana mmoja aliyekuwa anahamia Calgary.
Januari, Winnipeg, digrii thelathini na moja chini ya sifuri,
mate yanaganda kabla hayajafika chini.
Nikavua blanketi ya mtoto, nikaifunika,
kioo kisije kikapasuka kwa baridi.
Mitaa minne nimeikumbatia kama mgonjwa.

Laiti ningeibeba uchi.

Wiki ya tatu, saa tisa usiku, natoka zamu,
nawasha taa ya jikoni:
mmoja, rangi ya chai ya maziwa,
mistari miwili myeusi mgongoni kama reli.
Akasimama. Akapima hewa kwa ndevu zake.
Kisha akaingia nyuma ya swichi, taratibu,
kama mtu aliyelipa kodi.

Kwetu Uvira mende ni mende tu.
Hana kabila. Hupigwa kandambili, kuku akamalizia.
Mende hana haki kwenye baraza la kuku,
lakini hapa ghorofa ya saba
kuku nimtoe wapi?

Nikanunua dawa za kopo, mbili.
Nikapuliza mpaka macho yakaniwasha.

Meneja, Bi Gwen Eyford, akatuita chumba cha kufulia,
kalamu mkononi: nani amewaleta?
Wa 704 akamtazama wa 604.
Wa 604 akatazama mashine inavyozungusha shuka.
Nikaulizwa jina. Nikasema: Sikujua.
(Mama hakuijua mimba yangu mpaka mwezi wa tano.)
Akaliandika herufi moja moja,
asijue ameandika utetezi.

Desmond Flett, mtu wa dawa, akapiga magoti
mbele ya jiko langu, tochi mdomoni,
akatoa karatasi ya gundi. Kumi na wawili.
"Huyu tunamwita Mjerumani."
Bi Olena wa 708 akacheka kwa pua:
kwao Poltava wanamwita Mprusi.
"Na Wajerumani wa zamani," Flett akasema, "walimwita Mrusi."
Kila mmoja amemkatia paspoti ya jirani.

Na yule mkubwa, mwekundu kama mbao ya mninga,
ninayemkuta kwenye handaki la mvuke chini ya hospitali
nikisukuma ndoo yangu,
kumbe ndiye Mmarekani.
Alitoka Afrika, wanasema, tumboni mwa merikebu zile,
chini kabisa, walikofungwa watu.
Watu walinyang'anywa hata majina.
Yeye akapewa la nchi nzima.

Mjerumani haendi mbali kwa miguu yake, Flett alisema.
Hubebwa.
Kwenye mikunjo ya boksi la ndizi,
kwenye friji ya bure kando ya jalala,
kwenye mkoba wa shule, kwenye chochote chenye joto na giza.
Ukifika naye, yeye hufuata bomba la maji ya moto
toka chumba hadi chumba, hodi hapigi.
Jike huburuta kifuko cha mayai nyuma yake,
thelathini na kitu,
hakiachi mpaka karibu na saa ya kuangua.
Nilisikiliza hayo mtoto akiwa mgongoni.

Akaweka jeli, matone madogo kama punje za mtama.
"Na tafadhali, usipulize kopo.
Wengine hukimbilia kwa jirani."

Usiku ule nikaitoa maikrowevu kwenye roshani, bila nguo.
Asubuhi nikaitikisa:
kumi na mmoja, wepesi kama maganda ya kitunguu.
Blanketi nikaikung'uta juu ya theluji.
Halikudondoka kitu, ila niliendelea kukung'uta.

Kisha nikaenda kugonga 708.
Bi Olena akafungua. Nikamtamkia jina langu,
polepole, safari hii pamoja na maana yake.

Hakunijibu. Akanivuta mkono mpaka sebuleni,
akanionyesha saa ya ukutani
aliyoiokota uchochoroni, Agosti iliyopita.
Imesimama saa nne kasoro robo.
Tukakaribisha masikio.
Ndani, kitu kikatembea.